Mdogo wangu, nani amemtupa mzazi?

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema watu wa huku hawana utu, wazazi wao wakizeeka wanawatupa kwenye nyumba za wazee, nisije nikawa kama wao. Umeniudhi, na nitakwambia kwa nini.

Kazi yangu iko kwenye hizo nyumba. Naogesha wazee, nawabadilisha nepi, nawalisha. Miezi ya mwanzo nilisema hayo hayo unayosema. Kisha nikapangiwa bibi wa chumba cha mwisho, aliyesahau hata jina lake. Binti yake huja kila jioni akitoka kazini. Koti hajavua, anashika kitana, anamchana mama yake taratibu. Mama anauliza, "Wewe nani?" Binti anajibu, "Mgeni wako," anaendelea kuchana. Mimi mama yetu sijamwona miaka sita. Natuma hela, basi. Sasa niambie, kati yangu na yule binti, nani amemtupa mzazi?

Nao ni hivyo hivyo, wanatuhukumu bila kuuliza. Msimamizi wangu wa kwanza alidai mimi mwongo, kisa akinisemesha natazama chini. Nilikuwa namheshimu! Adabu niliyofunzwa na mama ilikaribia kuninyima kazi. Siku ile nililia kwenye stoo ya mashuka.

Usidhani haya yameanza na sisi. Herodotus, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, anasimulia kwamba mfalme Darius wa Uajemi aliwauliza Wagiriki wangetaka fedha kiasi gani ili wazile maiti za baba zao. Wakasema hata iweje hawawezi. Akawaita watu fulani wa India, ambao kwao ndiyo desturi, akawauliza wangetaka kiasi gani wazichome moto kama Wagiriki. Wakapiga kelele, asitamke tena neno hilo. Pande zote mbili zilikuwa zinawaheshimu wafu wao, na kila upande uliona wenzake wamelaaniwa. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo usiwahukumu watu ambao hujakaa nao. Ila usinielewe vibaya, si kila kitu cha watu nakitetea. Humu wapo wazee ambao simu yao haijalia mwaka mzima, na hilo ni baya, nalisema hata mbele ya mabosi. Tofauti ni kwamba sasa nasema baada ya kuwaona, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Unauliza kama uje. Usije. Au njoo, lakini ukija uliza kwanza kabla hujacheka wala kuchukizwa, na wakikuchukia wewe bila kuuliza, waeleze, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Hela ya mwezi huu nimeshatuma. Leo jioni ukifika kwa mama, mchane nywele. Kisogoni nenda polepole, pale huwa panamuuma.