Kopo la "usiku tu"? Hesabu nepi kwanza, mdogo wangu

Acha. Hilo kopo ulilosema mumeo ameenda kulinunua, likifika lisifunguliwe. Liweke juu ya kabati lilivyo na risiti yake muitunze.

Kwa wanaopita: mleta uzi kajifungua kwa operesheni, uzazi wa kwanza, mtoto alizaliwa na kilo 3.2, leo ni siku ya tatu. Anasema maziwa hayajaja, mtoto kalia usiku wa pili tangu saa nne hadi alfajiri, na mama mkwe kashauri apewe maziwa ya kopo usiku tu, "mpaka maziwa yaje". Anauliza kopo gani zuri, kitovu apake nini, nyuzi zitaacha kuuma lini, na aanze lini kukamua maana kazini atarudi. Maswali manne, leo nitafikia la kopo na la kukamua, ya kitovu na nyuzi baadaye.

"Mpaka maziwa yaje." Na mimi niliambiwa hivyohivyo, neno kwa neno, nikatii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kwa hiyo ukiona naandika kwa ukali, siyo wewe ninayekufokea.

Kwanza, maziwa yako yapo. Yale mazito ya njano yanayotoka matone mawili matatu ukiminya ndiyo maziwa yenyewe ya siku hizi. Siku ya kwanza mtoto humeza kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, mililita 5 hivi, wakati mwingine hata chini ya hapo. Siku ya pili kati ya 5 na 15. Siku ya tatu 15 hadi 30. Maziwa mengi, yale ya kujaza titi, huanza kati ya siku ya pili na ya tano, kwa sababu kinachoyaruhusu ni homoni za kondo kushuka baada ya kondo kutoka. Uzazi wa kwanza huchelewesha kidogo. Operesheni huchelewesha. Kupoteza damu nyingi na kisukari huchelewesha pia. Wewe una mawili kati ya hayo, kwa hiyo siku ya tatu bila kujaa siyo ajabu. Na usiku wa pili watoto wengi hunyonya mfululizo, dakika kumi anaachia, dakika tano anataka tena. Anaagiza mzigo. Sisi tukaona analia njaa.

Sasa tazama kopo linafanya nini, maana hapa ndipo wengi tunaangukia.

Unampa mililita 60 saa nne usiku kwa chupa. Tumbo lililozoea 20 au 30 limetanuka, chupa inamiminika yenyewe bila yeye kuvuta, analala saa nne mfululizo. Nyumba nzima inasema "si unaona, alikuwa na njaa!" Mama mkwe anapata alama zote. Anaamka saa nane, anapewa tena, anaendelea hadi alfajiri. Wewe umelala, matiti yamekaa bila kuguswa saa saba. Mtoto wa umri huu anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku nzima mchana na usiku, kwa hiyo hapo umepoteza minyonyo mitatu, tena ya usiku, wakati homoni ya kutengeneza maziwa inapokuwa juu. Wiki moja ni minyonyo 21. Titi likikaa limejaa hujipunguzia kazi lenyewe. Lina namna yake ya kusema "huku hakuna mnunuzi". Siku ya nne linavimba na kuwa gumu kama nazi, mtoto hawezi kulishika, anatelezea kwenye chuchu, unachubuka, unaogopa kumweka, unaongeza kopo la mchana. Siku ya kumi unakamua unaona kijiko kimoja na unatangaza "mimi sina maziwa, ni ya ukoo". Ukoo hauhusiki hata kidogo. Ni hesabu ya kopo la usiku.

Na gharama, kwa kuwa hakuna anayekutajia. Mtoto wa kilo 4 anayetegemea kopo peke yake hutumia takriban mililita 600 kwa siku. Kopo la gramu 400 hutoa kama lita 3. Siku tano, limekwisha. Makopo sita kwa mwezi, na yeye anakua, hangoji mshahara. Hapo ndipo watu huanza kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na hilo ni la hatari kabisa: maji mengi kuliko unga hushusha chumvi mwilini mwa mtoto hadi akapata degedege.

Kanuni yangu ni moja, nitaiandika hapa na kila uzi utakaofunguliwa: usipime njaa kwa kilio. Hesabu nepi, pima uzito, ndipo uamue.

Nepi za kitambaa, tafadhali, wiki ya kwanza. Pampasi hunyonya mkojo wa siku mbili za mwanzo ukadhani ni kavu. Kama huna namna, mimina vijiko vitatu vya mezani vya maji (mililita 45) kwenye pampasi kavu, uishike mkononi ujue uzito wa iliyoloa kweli. Siku ya kwanza angalau moja iliyoloa, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Kuanzia siku ya tano au ya sita, sita au zaidi kila saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali. Alama nyekundu kama vumbi la tofali siku mbili tatu za mwanzo isikutishe. Ikiendelea baada ya siku ya nne, mtoto hapati cha kutosha. Choo nacho kinasema: cheusi kama lami siku mbili za mwanzo, kikageuka kijani siku ya tatu na ya nne, kisha njano ya haradali siku ya tano, mara tatu au zaidi kwa siku. Siku ya tano bado lami? Nenda kliniki siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kadi.

Uzito: mzani uleule, mtoto akiwa uchi. Kupungua hadi asilimia 7 ni kawaida, kati ya 7 na 10 ni kuangaliwa kwa karibu jinsi anavyonyonya, kupita 10 ni kutibiwa. Wako wa kilo 3.2: asilimia 7 ni gramu 224, yaani anafika kama 2.98. Asilimia 10 ni gramu 320, yaani 2.88. Hushuka zaidi siku ya tatu au ya nne, na anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Na hili hukuambiwa: ulipigwa dripu. Maji yale humfikia mtoto pia, anazaliwa na uzito uliotuna kidogo, kisha anaukojoa. Kwa hiyo mtoto wa operesheni aliyepungua asilimia 8 huku analoesha nepi vizuri siyo habari sawa na aliyepungua 8 na nepi kavu. Ndiyo maana nasema vyote viwili, siyo mzani peke yake.

Usiku wa leo fanya hivi. Mvue nguo abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunikeni kanga. Nyuzi zikikuuma, usimpakate tumboni: mlaze ubavuni mwako, miguu yake ikielekea mgongoni kwako chini ya kwapa, mto ukimwinua. Au laleni wote kwa ubavu. Pua yake ielekee chuchu, siyo mdomo. Subiri aachame sana kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye titi. Usimpelekee titi yeye. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Akiachia, tazama chuchu: ikitoka mviringo, sawa. Ikitoka imebanwa upande mmoja kama rangi ya mdomo iliyochongwa, hakushika vizuri, na hapo hata anyonye saa nzima anapata kidogo. Chomeka kidole kisafi pembeni mwa mdomo uvunje mvuto, mwanze upya. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni huvumilika. Yakidumu mnyonyo mzima, ni mshiko mbaya, na yule anayekwambia "utazoea" mpe chai anyamaze.

Kama weusi umevimba kwa sababu ya dripu, bonyeza kwa vidole kuzunguka chuchu, kuelekea kifuani, dakika nzima, ulainike kwanza.

Kila baada ya mnyonyo kamua kwa mkono dakika chache. Kidole gumba juu, viwili chini, kama sentimita 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea mbavu, bana, achia. Usiteleze kwenye ngozi. Zungusha mkono ufikie pande zote. Kinga kwa kijiko, umpe kwa kijiko hichohicho. Mashine siku hizi za mwanzo haina faida kubwa, yale mazito hubaki kwenye mipira yake. Akisinzia titini, minya titi taratibu ameze, mbadilishie upande. Zisipite saa tatu bila kunyonya, hata usiku, hata kama amelala kama malaika.

Kopo lina nafasi yake, sikatai, mimi siyo polisi wa maziwa. Amepungua zaidi ya asilimia 10, au nepi ni kavu, au sukari yake imeshuka, au ana manjano na ni mzito kuamka: aongezewe, na aongezewe leo. Kwanza maziwa yako uliyokamua. Yasipotosha, ya kopo, kwa kipimo cha mkunga na siyo cha jedwali la kopo, ambalo mara nyingi huanzia mililita 60 au 90. Siku ya tatu 15 hadi 30 yatosha. Kwa kikombe kidogo, kaa naye wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, arambe mwenyewe, usimmiminie. Na kila anapoongezewa, wewe unakamua. Hiyo ndiyo tofauti ya kuongeza na kubadilisha.

Unga wa kopo hauna usafi wa hospitali, unaweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo maji yachemke, yasikae zaidi ya nusu saa, yawe bado na joto la nyuzi 70 yanapokutana na unga. Maji ya kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hayafai tena. Maji kwanza, unga baadaye, kijiko cha kopo kisawazishwe, kisishindiliwe. Poza, mpe ndani ya saa mbili, yaliyobaki mwaga. Mwaga, hata kama roho inauma.

Na kuna ya kukimbilia hospitali bila kuuliza jukwaani: manjano ndani ya saa 24 za kwanza, joto la 37.5 au zaidi, mwili wa baridi, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea anapopumua, degedege, au amekataa kunyonya kabisa.

Nimwage kidogo ya moyoni. Nesi wa zamu ya usiku anayepita kitandani, anaminya titi mara moja, anasema "hamna kitu humu" na kuondoka: hajaangalia mshiko, hajauliza nepi, hajapima. Hiyo siyo huduma, ni utabiri. Kijana wa duka la dawa anayekuuliza "umri gani?" na kukupa kopo na chupa kabla hujamaliza sentensi: mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia hizi biashara kuwanyemelea wazazi, Kenya wakatunga sheria kamili mwaka 2012, na bado anakutolea sampuli chini ya kaunta kama bangi. Shangazi wa dawa ya mchango na maji ya sukari, naye akae mbali: hayo yanajaza tumbo, hayana lishe, na mtoto akishiba maji hanyonyi. Mtori kula, supu ya pweza kunywa, uji wa pilipili manga kunywa, mimi nilikunywa hadi mfuko wa pilipili ukanijua jina. Vinamshibisha mama, na mama aliyeshiba ni jambo jema. Ila hakuna bakuli linaloondoa maziwa titini. Anayeyaondoa ni mtoto au mkono wako.

Mama mkwe usigombane naye. Mpe kazi ya kuandika nepi ukutani, kwa kalamu, saa na aina. Ikifika siku ya tano akaziona sita, yeye mwenyewe ndiye atakayewafukuza wenye makopo.

Kazi: likizo yako kisheria hapa Tanzania ni siku 84 (100 kwa mapacha), na ukirudi mwajiri anatakiwa kukuruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Anza kukamua akiba wiki mbili tatu kabla, siyo sasa. Kwa joto la Dar usiyaache mezani zaidi ya saa nne. Kwenye friji siku nne. Lakini hayo ni ya miezi ijayo.

Leo leta namba mbili tu hapa: nepi ngapi zimeloa tangu jana saa hizi, na uzito wa asubuhi bila nguo. Niko macho, wa kwangu naye hajalala.