Alifu ya ukubwani: maswali na majibu

*Ustadhi, nina miaka 52. Wenzangu walihitimu chuo cha Qurani utotoni, mimi nikawa shambani. Sura fupi nimezihifadhi, lakini msahafu siwezi kuusoma. Nianzie wapi?*

Anzia alifu, mama. Sura ulizohifadhi zinakufaa kwenye swala, ila katika kusoma zinaweza kukuficha: jicho liko ukurasani, ulimi unakwenda wenyewe. Jipime kwa Al-Fatiha. Mtu akuwekee kijiti kwenye neno moja la katikati, tuseme *nasta'iin*. Ukilazimika kurudi mwanzo wa sura ndipo ulitamke, bado hujalisoma. Liendeleze polepole: nuni fataha (irabu ya a), na, sini sukuni (alama ya herufi isiyo na irabu), nas, tee fataha, ta, aini kasra (irabu ya i) ikavutwa kwa yee, kisha nuni. Irabu zikishika, ingia Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani. Walimu wengi huianza nyuma, kwa An-Naas, wakapanda hadi An-Nabaa, sura ya 78.

*Kuna Qurani zilizoandikwa kwa herufi za Kirumi. Hazitoshi?*

Hazitoshi, na nakuomba usizitegemee. H moja hiyo hiyo itabeba hee na hha, S itabeba sini na swadi, na kosa likikaa ulimini ni kazi kulitoa. Isitoshe, Mswahili ana mtaji wake: anayesema dhahabu, thelathini na ghali sawasawa ameshazipata dhali, thee na ghaini. Nguvu zako ziweke kwenye aini, kafu nzito, twee na dhwadi.

*Nakwama kila neno, na darasani naona haya.*

Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwa Bi Aisha kwamba Mtume (s.a.w.) alisema anayeisoma Qurani kwa tabu, huku akisitasita, ana ujira mara mbili. Ndugu yangu, hayo yamesemwa kwa ajili yako. Soma kwa sauti, usahihishwe.

*Macho hayaoni karibu.*

Tafuta msahafu wa maandishi makubwa, na upime miwani. Nukta moja ndiyo inayotenganisha bee na nuni.

*Mjukuu wangu wa miaka tisa anataka kunifundisha. Nikubali?*

Kubali, babu, kwa furaha! Mtoto hachoki kurudia. Lakini walau mara moja kwa wiki msomee pia ustadhi wake, maana kosa la mjukuu utalirithi bila kujua. Na wakati wa somo mwache awe mwalimu kweli. Akisema rudia, rudia.