Mpasuo wa sketi unabaki wazi: pateni ichorweje?

SWALI: Habari fundi. Nashona sketi za kubana zenye mpasuo wa nyuma. Mteja akisimama tu, mpasuo umeachama, na haupiti muda mshono wa juu yake unachanika. Nakosea wapi kwenye kuchora? Na mpasuo wa kupishana, ule ambao ukingo mmoja unalala juu ya mwingine, nauchoraje?

JIBU: Salama, fundi mwenzangu. Anza na mstari wa katikati nyuma. Sketi ya kubana hupunguzwa kuelekea pindo, kwa kawaida sm 2 hadi 3, lakini upunguze kwenye mishono ya pembeni peke yake. Katikati nyuma, kuanzia hipsi hadi pindo, mstari ushuke wima, sambamba na uzi wa kitambaa. Ukiuinamisha hata sm 1, kingo mbili zinaachana chini, na pasi haiwezi kulitibu hilo.

Kama mstari uko wima na bado panaachama, fumua kidogo mishono ya pembeni kwenye hipsi, mteja akiwa ameivaa. Mpasuo ukifunga, tatizo ni hipsi: kitambaa kisichovutika kinataka ziada ya sm 4 hivi kwa mzunguko mzima. Usipofunga, vuta kiuno juu katikati nyuma, nusu sentimita hadi moja. Kingo zikikutana, kiasi hicho ndicho cha kupunguza kwenye pateni, ukikimalizia kwa mkunjo laini kuelekea pembeni.

Urefu: sketi ya kufika gotini, mpasuo wa sm 15 hadi 18 unatosha. Sketi ikishuka chini ya goti, kilele cha mpasuo kifike juu ya goti kidogo. Kikiishia chini yake, kila hatua inavuta mshono, na hapo ndipo panapochanika.

Mpasuo wa kawaida ni rahisi: kuanzia kileleni hadi pindo ongeza sm 4 badala ya nafasi ya mshono ya sm 1.5, kila upande.

Wa kupishana ndio unaotaka umakini. Kwenye kipande cha nyuma, toka kileleni chora mstari wa mshazari ukielekea nje na chini, ufike sm 5 nje ya katikati ukiwa umeshuka sm 3. Kisha teremka wima hadi pindo. Weka alama ya nukta pale mshazari unapoanzia. Upande wa kushoto unakunjwa ndani kwenye mstari wa katikati, wa kulia unabaki umenyooka chini yake. Ule wa kushoto ubandike gamu ya pasi (kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi), na ipite mstari wa kukunja kwa sm 1, la sivyo ukingo utalegea.

Shona katikati nyuma hadi kwenye nukta, geuka na sindano ikiwa ndani ya kitambaa, ufuate mshazari hadi mwisho. Halafu kata nafasi ya mshono ya kipande cha kulia kuelekea kwenye nukta, ukiacha milimita 2. Bila mkato huo mshono haulali na pembe inajikunja. Ukikata hadi kwenye uzi, pembe itachanika mteja akikaa, kwa hiyo bandika kwanza kiraka cha gamu cha sm 3 kwa 3 hapo.

Bitana isinakili pateni hii. Upande wa kulia inafuata nyongeza, lakini kushoto ikatwe ndani ya mstari wa katikati, la sivyo itachungulia kwenye mpasuo.