Kivuli cha mlingoti, bamvua ya Kigamboni na mengine mliyouliza

Safari hii barua zote zimetoka kwa wanafunzi, na karibu zote zinauliza kitu ambacho mwandishi amekiona kwa macho yake. Nimezipenda. Nyingine nitazijibu kwa kirefu, nyingine kwa sentensi mbili.

Mwalimu, shikamoo. Tumefundishwa kwamba huku kwetu jua la saa sita mchana liko utosini. Nimeangalia mlingoti wa bendera shuleni, Tandika, saa sita kamili. Kivuli kipo! Nani kakosea? (Kidato cha pili)

Marahaba. Wewe hujakosea. Kwa mtu wa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu tarehe 4 Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Tuko kama nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, na jua katika safari yake baina ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni hutupitia mara moja likienda na mara moja likirudi.

Hata siku hizo, saa sita kamili utakuta kivuli. Nalijua hilo kwa aibu. Mwaka mmoja nilipanga darasa zima uwanjani tarehe 4 Machi, saa sita juu ya alama, nikiwa nimewaahidi kivuli kitatoweka. Mlingoti wa mita 6 ukatulazia kivuli cha karibu mita nzima kuelekea magharibi. Nikawarudisha ndani. Kijana mmoja aliyebaki nje anateka maji ndiye aliyekuja kuniambia, nusu saa baadaye, "Mwalimu, kimekwisha."

Kumbe saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko kwenye 39.3. Jua hutumia dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja, kwa hiyo hutufikia kama dakika 23 baada ya saa sita. Ongeza na hili: mzingo wa Dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama, ndiyo maana mwezi wa Machi jua huchelewa hadi kama saa 6:35 na Oktoba huwahi kufika, kama saa 6:10.

Fanya hivi. Simamisha kijiti cha mita 1, kinyooshe kwa timazi (mwombe fundi yeyote wa ujenzi), kisha pima kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita mpaka uone kimefikia ufupi wake wa mwisho. Tarehe 21 Juni utapata kama sentimita 58, kimelala kusini. Tarehe 22 Desemba utapata kama sentimita 30, kimelala kaskazini. Ukikosa dira ya kukuonyesha kaskazini, angalia msikiti wa jirani umeelekea wapi. Makka iko karibu kwenye longitudo yetu hii hii, kwa hiyo kibla cha Dar ni kaskazini, kikipungua au kuzidi ni kidogo sana.

Babu yangu ni mvuvi Kigamboni. Anatazama mwezi tu, kisha anasema kesho maji yatakauka saa nne. Anajuaje? (Darasa la saba)

Mpe babu shikamoo zangu, kisha umwombe akufundishe yeye, maana mimi nilijifunzia kitabuni na yeye miguuni.

Mwezi huvuta bahari, na jua nalo huvuta ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, viwili hivyo viko kwenye mstari mmoja na Dunia, mvuto unajumlishwa, tunapata bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapingana, tunapata maji mafu, yasiyopwa sana, na wachokoa pweza wanabaki nyumbani.

Sasa hiyo saa nne. Mwezi mpevu siku zote uko upande wa pili wa jua, na mwezi mwandamo uko upande mmoja nalo. Kwa hiyo kila bamvua ikirudi, saa zake ni zile zile: Dar maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tena usiku. Baada ya hapo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukijua umri wa mwezi, unahesabu kwa vidole. Siku saba baada ya bamvua, maji makavu yameshasogea hadi alasiri.

Ukienda kutembea mwambani, geuka kabla maji hayajageuka. Hayaji kutoka mbele tu, hujaa kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako.

Majabali makali ya Coco Beach yenye matundu ni ya volkano?

Hapana, ni matumbawe ya kale. Karibu miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9, na matumbawe yakajijenga pale unapoketi kula mihogo. Bahari iliposhuka yakaachwa nchi kavu. Matundu na ncha hizo ni kazi ya mvua na chumvi. Kwangua unga kidogo wa jiwe kwa msumari, dondoshea siki, utaona povu: hiyo ni kaboni dayoksaidi ikitoka kwenye chokaa. Mawe ya jamii hii ndiyo yaliyojenga miji ya kale ya Kaole na Kilwa. Jiwe la volkano kwa kawaida halitoi povu hilo.

Nimeokota jiwe jeusi zito Mbagala, lina matundumatundu. Ni kimondo?

Nasikitika, karibu hakika ni mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, kutoka kwenye karakana. Vimondo kwa kawaida havina matundu ya mapovu ndani. Kimondo halisi cha chuma nenda ukakione Mbozi, mkoani Songwe: kinakadiriwa kuwa na tani 16 na kimetengenezwa kwa chuma na nikeli.

Bibi husema "kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Ni kweli au methali tu?

Kweli, na unaweza kuihakiki. Kilimia ni lile fungu dogo la nyota, wengi huhesabu sita. Mwezi Mei jua hupita karibu nalo, hivyo linazama masika yakiwa bado yapo na kutopatikana kwa wiki kadhaa. Juni linazuka alfajiri upande wa mashariki-kaskazini, mvua zimekatika, kipupwe kimeingia. Hiyo ndiyo nusu ya pili. Nusu ya kwanza naisoma hivi: Novemba kilimia huzuka jioni jua linapozama, nayo ni majira ya vuli. Bibi yako anaweza kuisoma vingine, nami sitabishana naye.

Nuru ya kilimia huchukua kama miaka 440 kutufikia. Ile utakayoiona iliondoka huko Wareno wakiwa bado hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa.

Nimeweka akiba shilingi laki na nusu. Ninunue darubini gani?

Usinunue ile ya miguu mitatu ya plastiki yenye picha ya Zohali kwenye boksi. Itatikisika, utakata tamaa. Tafuta darubini ya macho mawili, hata iliyotumika, iliyoandikwa 7x50 au 10x50: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Iegemeze ukutani uiangalie Mshtarii. Utaona vinukta hadi vinne vimejipanga pembeni yake, miezi ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, na kesho yake vitakuwa vimehama.

Mwanga wa mji usikusumbue sana. Nenda na mtu mzima kwenye ufukwe unaotazama mashariki, taa zote ziwe mgongoni, mbele yako ni bahari yenye giza. Jua usilielekezee darubini hata kwa sekunde moja. Kwa jua, rudi kwenye kijiti cha swali la kwanza.