Kwa mnaoanza kutafuta vimeng'enya vya kuvunja klorofili kwenye bakteria kwa kompyuta

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi, cha kwanza kabisa nawaomba msiamini jina lililoandikwa kwenye databesi. Ukitafuta klorofilesi (kimeng'enya kinachokata mkia wa klorofili) kwenye genomu za bakteria kwa BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, utaletewa protini kibao na nyingi zina e-value nzuri tu (ikiwa ndogo maana yake kufanana huko si bahati tu), ila klorofilesi iko kwenye ile familia kubwa ya haidrolesi za alfa/beta (vimeng'enya vinavyokata bondi kwa kutumia maji), humo humo wamejaa lipesi za kuvunja mafuta na esterasi za kukata bondi za esta za kila aina, kwaiyo kufanana peke yake hakutoshi, na majina mengi yamebandikwa na programu iliyokopi kwa protini nyingine ambayo nayo ilikopi kwingine, maabara hakuna aliyeipima.

Mi nachukua klorofilesi za mimea zilizokwisha pimwa, nazipanga pamoja na za bakteria kwa MAFFT, programu ya kupanga mifuatano safu kwa safu, halafu naenda moja kwa moja pale kwenye GHSRGG, kipande cha asidi amino (kila herufi ni moja) kinachojirudia kwenye klorofilesi. Hiyo S ni serini, ndo inayokata mkia wa fitoli, ikisaidiana na histidini na aspateti ambazo kwenye mfuatano ziko mbali ila protini ikijikunja zinakutana. Ukikuta S imegeuka A (alanini), au histidini haipo kwenye safu yake, weka pembeni hata kama e-value inapendeza. Ukikuta GXSXG (X ni asidi amino yoyote) ila hiyo R ya GHSRGG haipo, bado ni mgombea, ila usiiite klorofilesi, inaweza kuwa lipesi tu.

Kwa SGR, kimeng'enya kinachotoa magnesi katikati ya klorofili, mambo ni tofauti na kwangu ndo patamu zaidi. Msiwatupe bakteria wasio na klorofili! SGR imepatikana hata kwa hao, mfano kwenye kundi la Anaerolineae, na kuna watafiti waliopendekeza 2019 kwamba mimea iliipata kutoka kwa bakteria. Ila genomu ikiwa imetoka kwenye metagenomu (DNA ya viumbe vingi iliyosomwa kwa pamoja) angalia kwanza jeni za jirani kwenye kontigi hiyo hiyo, yaani kipande hicho hicho cha DNA kilichounganishwa, zikiwa zote za mmea basi ni uchafu umeingia.

Doking nayo, yaani kukisia kwa kompyuta jinsi klorofili inavyokaa ndani ya kimeng'enya, jamani, taratibu. Fitoli ina kaboni 20 na inajipinda kila upande, Vina, programu ya doking, itakupa majibu tofauti ukibadilisha sidi (namba ya kuanzia bahati nasibu yake), kwaiyo rudia rudia na usiangalie skoa tu, pima umbali kati ya ile serini na bondi ya esta inayotakiwa kukatwa. Na modeli ya AlphaFold 2, programu ya kukisia umbo la protini, inakuja tupu, haina klorofili wala magnesi ndani.

Ukiwapelekea watu wa maabara orodha yako wape na uzito wa molekuli wa kutafuta kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli: klorofili a ni kama 893, ikikatwa mkia inabaki kama 615, ikitolewa magnesi tu inakuwa kama 871. Wakiona 871 wakati wewe uliwaambia ni klorofilesi, angalieni kwanza kama tindikali haijaingia kwenye sampuli, maana tindikali inatoa magnesi yenyewe bila kimeng'enya chochote.