Kabla Hujanunua Tekken 3, Uliza Ni Ipi

Vijana wa hapa Busia, upande wa Uganda, wakisikia kwamba zamani nilikuwa na kibanda cha gemu, swali lao huwa ni hilo hilo: mzee, Tekken 3 nitaipata wapi? Nami huwarudishia swali: ipi?

Wanacheka, wanadhani nawazungusha. Kwao mpiganaji Jin ni Jin, na Eddy ni yule yule wa kupiga mateke kichwa kikiwa chini. Lakini mchezo huu wa kupigana ulianzia kwenye mashine za sarafu mwaka 1997, ukaingia kwenye PlayStation mwaka 1998 kwa diski za Japani, za Marekani na za Ulaya, ukajitokeza tena mwaka 2005 ndani ya Tekken 5 ya PlayStation 2 (PS2), kisha mwaka 2018 ukawekwa kwenye PlayStation Classic, kile kimashine kidogo kinachoenea kiganjani. Kila ulikohamia kuna ulichopoteza na kuna ulichopata. Anayenunua bila kuuliza anaweza kuishia na ule unaokokota, halafu akasingizia kwamba vidole vyake vimezeeka.

Ushauri wangu nautoa mapema ili asiye na muda aende zake. Tafuta diski ya Marekani au ya Japani, tafuta televisheni ya kichogo inayokubali rangi zake, na usikose memori kadi. Yanayofuata ni sababu zangu.

Wengi wetu hapa mpakani hatukuwahi kuitia sarafu mashine yenyewe. Tekken tuliijulia kwenye PlayStation, tukadhani huko ndiko kwao. Kumbe Namco, kampuni iliyoutunga mchezo huu, waliijenga juu ya bodi waliyoiita System 12, iliyotokana na PlayStation hiyo hiyo ila ikaongezewa nguvu: kichakataji chake kilikimbia kwa megahazi 48 hivi, cha PlayStation kilikuwa karibu 34. Kuuleta mchezo nyumbani ilikuwa sawa na kumvika kaka mkubwa shati la mdogo wake. Ikabidi wapunguze. Vitu vilivyosimama nyuma ya wapiganaji, ambavyo kwenye mashine vilikuwa na umbo lake kamili, nyumbani vikawa picha bapa iliyozungushiwa uwanja mzima. Miili ya wapiganaji nayo ikapunguziwa vipande. Ukimtazama mtu kwa karibu kamera inapomzunguka baada ya ushindi, utaona mabega na vidole vina kona kona.

Walichokataa kukipunguza ni mwendo. Picha zilikuwa 60 kwa sekunde kwenye mashine, zikabaki 60 nyumbani. Aliyeamua hivyo alijua kazi yake. Miaka yote ya kibanda sikumsikia mteja hata mmoja akilalamikia milima ya nyuma, lakini pigo likichelewa kidogo tu pedi ya kuchezea ilikuwa inatupwa chini.

Tena waliongeza. Anna, ambaye kwenye mashine ya sarafu alikuwa vazi la pili tu la dada yake Nina, nyumbani akapewa sauti yake, mapigo yake na hadithi yake ya mwisho. Akaja Daktari Bosconovitch, mzee ambaye nusu ya pambano yuko chini. Akaja Gon, kijidinosauri kutoka kwenye katuni za Masashi Tanaka, kifupi kiasi kwamba ngumi za juu zinampita kichwani bila kumgusa. Kukawa na Tekken Force ya kutembea huku ukipiga makundi ya wahuni, na Tekken Ball ya kupigiana mpira ufukweni. Kwa maneno mengine, kilichopungua kilipungua machoni, na kilichoongezeka kiliongezeka kwenye muda wa kucheza. Kwa mwenye nyumba hiyo ni biashara nzuri. Kwa mwenye kibanda, Gon ni balaa. Mimi nilimpiga marufuku, maana kila alipochaguliwa ugomvi ulihama kwenye skrini ukaja kwenye benchi.

Sasa memori kadi, ambayo watu huiona kitu cha mwisho kununua. Diski mpya inakupa wapiganaji 10 tu: Jin, Xiaoyu, Hwoarang, Law, Lei, King, Nina, Paul, Yoshimitsu na Eddy. Wengine, akina Kuma, Julia, Gun Jack, Mokujin, Bryan, Heihachi na Ogre, wanafunguka taratibu kadiri unavyoumaliza mchezo. Kwenye mashine za sarafu pia walifichwa, ila huko walifunguka wenyewe kadiri siku zilivyopita. Nyumbani lazima utoke jasho, na jasho hilo linahifadhiwa kwenye kadi. Huna kadi, ukizima mtambo umerudi mwanzo.

Wanaokumbuka 2005 na 2006 wananielewa. Maji ya Ziwa Victoria yalishuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa, umeme ukawa wa mgao. Ulikuwa unaondoka katikati ya raundi, ukirudi jioni kila kitu kimeanza upya. Mteja aliyekwisha kutoa mia mbili yake ili acheze na Bryan anakuta sura 10 tu kwenye skrini, na hataki kusikia habari za ziwa. Kadi ya kibanda changu niliifunga kwa utepe mweusi kwenye mtambo wenyewe. Pedi mtu hawezi kutoka nayo bila kuonekana, lakini kadi inaingia hata kwenye soksi.

Ukinunua kadi leo, usimwamini muuzaji kwa sababu imewaka. Hifadhi kitu, zima, chomoa waya wa umeme, kaa kidogo, washa tena. Kadi za bandia ziko nyingi na baadhi husahau zikikosa umeme. Kadi ya kawaida ya PlayStation ina nafasi 15. Ukiambiwa ina mamia ya nafasi kwa bei ile ile, ijaribu mara mbili zaidi.

Nije kwenye jambo linalowaumiza wengi, yaani 50 na 60. Televisheni za Uganda, kama za Uingereza, zilifuata mfumo wa PAL, unaokwenda kwa picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walikuwa na NTSC, picha 60. Tekken inahesabu kila kitu kwa picha hizo. Pigo linalohitaji picha 12 kumfikia adui linatumia sekunde 0.20 kwenye 60, na mchezo ule ule ukiendeshwa kwa 50 bila kurekebishwa linatumia 0.24. Kwenye karatasi ni tofauti ya kijinga. Kwenye pedi, umemrusha mwenzako juu kwa ngumi ya kidevuni, mkono wako unajua bila kufikiri ni wakati gani wa kumdaka hewani, unapiga, na yeye bado hajashuka. Unapiga hewa. Anatua salama, anakufuata na teke. Niliwahi kuona mabingwa wa mtaa wakivuka kutoka Busia ya Kenya, wakikaa kwenye mtambo wenye diski ya Ulaya na kupigwa na watoto wa shule. Watoto walikuwa wameuzoea ule mwendo wa pole.

Kuijua diski ni rahisi. Halisi ina herufi zilizochapwa: SCES ni ya Ulaya, SLUS ni ya Marekani, SLPS ni ya Japani. Tusidanganyane, diski nyingi zilizopita mikononi mwetu zilikuwa za kuchomwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hiyo itie kwenye kompyuta na ufungue orodha ya mafaili yake. Utakuta moja ambalo jina lake linaanza na herufi hizo hizo. Kumbuka pia kwamba PlayStation ya Ulaya haisomi diski ya Marekani mpaka iwe imetiwa chipu.

Ukishatia chipu na kuweka diski ya Marekani, jiandae kuona Tekken ya mweusi na mweupe. Jin hana rangi, moto wa Ogre ni kijivu, na fundi wa kwanza utakayemwendea atakuambia televisheni imeharibika. Haijaharibika. Mtambo unatoa rangi za NTSC na televisheni inasubiri za PAL. Ingia kwenye menyu ya televisheni, tafuta mfumo wa rangi, uweke AUTO au NTSC. Televisheni nyingi za kichogo zilizoletwa Afrika Mashariki zinakubali mifumo yote miwili, ila aliyeiuza aliifunga kwenye PAL. Isipokubali, tafuta nyingine. Usikubali kurudi kwenye 50 kwa sababu ya rangi.

Kwa nini kichogo na si bapa? Televisheni bapa huipokea picha ya zamani, ikaikuza na kuisafisha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachukua muda. Wewe umebonyeza, Jin bado anawaza. Kama huna namna, zima usafishaji wote wa picha na uweke hali ya gemu. Itapunguza, haitaondoa.

Ni kwa sababu hiyo ya 50 siwashauri watu PlayStation Classic kama wanachotaka ni Tekken 3. Kimashine ni kizuri kukitazama, kina michezo 20 ndani, pedi zake mbili zinafanana kabisa na zile za kwanza zisizo na vijiti. Lakini Tekken 3 iliyowekwa humo ni toleo la PAL. Mwaka 2018, kwenye televisheni ambazo hazijali tena PAL wala NTSC, mtu alichagua ule wa pole. Sijaielewa sababu mpaka leo. Simu yenye programu ya kuigiza PlayStation, ikiendesha nakala ya diski yako mwenyewe ya SLUS, inakupa mwendo sahihi zaidi. Ila unganisha pedi. Vitufe vya kwenye kioo cha simu havimfai hata Eddy, ambaye hupigana hata ukibonyeza ovyo.

Pedi yenyewe ni nusu ya siri ya Tekken kuenea nyumbani. Ngumi ya kushoto, ngumi ya kulia, teke la kushoto, teke la kulia: viungo vinne, vitufe vinne. Mashine ya sarafu ilikuwa hivyo, pedi ya PlayStation ikawa hivyo, hakuna kilichopotea njiani. Street Fighter II, yenye vitufe sita, ilipoingia Mega Drive, mtambo wa nyumbani wa Sega, ilikuta pedi ya vitufe vitatu, ikawa mwenye pedi hiyo abonyeze Start kuhama kati ya ngumi na mateke. Sega walilazimika kuuza pedi ya vitufe sita. Tekken haikumdai mtu kitu.

Ukinunua mtambo wenyewe mkononi mwa mtu, ugeuze kwanza usome chini. Wa Marekani unataka volti 120, wa Japani 100, na umeme wetu ni 240. Chomeka moja kwa moja uone moshi. Ununulie kipunguza umeme au uache. Kisha usikilize lenzi. PlayStation za mwanzo kabisa zilikuwa na reli ya plastiki iliyolika kwa joto, lenzi ikalegea, ndiyo maana ukiingia vibanda vya zamani ulikuta mitambo imelazwa ubavu au kupinduliwa juu chini. Muuzaji akikuonyesha mtambo wake ukicheza vizuri huku umepinduliwa, huo ndio ugonjwa wenyewe, na bei ishuke.

Tekken Tag, iliyofuata baada ya Tekken 3, nitaipitia haraka. Kwenye sarafu ilitumia System 12 ile ile mwaka 1999, lakini nyumbani ikaingia PS2 mwaka 2000, na safari hii nyumbani kulipendeza kuliko kwenye mashine. Tekken 4 ilijengwa kwenye bodi iliyotokana na PS2 yenyewe, na habari ya kukata na kuongeza ikapoteza utamu.

Anayetaka kuona System 12 ilikuwaje atafute Tekken 5 ya PS2. Ndani yake kuna Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote zikiwa zile za mashine za sarafu. Weka ya tatu, tazama nyuma ya wapiganaji, kisha weka diski ya PlayStation uone walichokata. Kwa kibanda ni diski yenye faida, michezo minne kwa bei ya mmoja. Ila mteja wa siku nyingi akikaa kwenye benchi, mwambie kabla hajatoa hela kwamba hiyo ni ya sarafu na Gon hayumo.