Umeme ukirudi na reidi haijamaliza kujijenga

Wadogo zangu mnaoanza kushika seva, Chake Chake, Wete na huko Mjini Unguja, inauma kuona kosa lilelile likirudiwa. Umeme wa Pemba unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Ukikatika na UPS ikaishiwa, mashine huzimika diski mpya ya reidi (diski kadhaa zilizounganishwa kuwa safu moja) ikiwa nusu imejengwa, yaani haijamaliza kujazwa data. Ikiwaka, mtu anaanza kuchapa amri kabla hajasoma chochote.

1. Anza na `cat /proc/mdstat`, inayoonesha hali ya safu. Ukikuta `auto-read-only` na `resync=PENDING`, hapana kilichoharibika; safu inasubiri uandishi wa kwanza. Piga `mdadm --readwrite /dev/md0` (mdadm ni programu ya Linux ya kusimamia safu, `md0` ni safu yenyewe), itaendelea.

2. Metadata, yaani maelezo ya safu yanayoandikwa kwenye kila diski, ya toleo 1.2 hukumbuka ujenzi ulipofika: `mdadm --examine` kwenye diski mpya itakuonesha `Recovery Offset`. Alama hiyo huandikwa kwa vipindi, kwa hiyo asilimia kurudi nyuma kidogo si ajabu. Metadata 0.90 huanza upya. Diski ya TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, basi tulieni.

3. Usiamini `sdb` ya jana; mashine ikiwaka upya, majina ya diski yanaweza kubadilika. Soma namba ya serial ya diski kwa `smartctl -i`.

4. Sasa `--create`, amri ya kuunda safu mpya. Jamani, hii ndiyo inayomaliza data za watu. RAID5 (reidi inayovumilia kupoteza diski moja) iliyozimika ghafla huku inajengwa ina upungufu wa diski na pia ni chafu, yaani huenda uandishi ulikatizwa katikati, na keneli hukataa kuiwasha yenyewe. Mtu anaona `inactive`, anadhani safu imepotea, anaiunda upya. mdadm inamwonya kwamba diski hizi tayari ni za safu nyingine, anajibu `y`. Hapo superblock za zamani (sehemu za diski zenye metadata) zimefutwa, pamoja na mpangilio wa diski na ile alama ya ujenzi. Chanki, yaani ukubwa wa kipande cha data kwenye kila diski, ya zamani huenda ilikuwa 64K, ya leo ni 512K. Data offset, mahali data inapoanzia kwenye diski, nayo hutofautiana kati ya matoleo ya mdadm. Baya zaidi, RAID5 mpya huanza papo hapo kuijenga diski ya mwisho uliyoitaja. Ikiwa hiyo ndiyo nzima, na ile nusu umeihesabu kuwa nzima, takataka inaandikwa juu ya data pekee iliyobaki.

Njia yenyewe: toa `--examine` ya kila diski, uihifadhi nje ya mashine. Linganisha `Events`, hesabu ya mabadiliko ya safu iliyoandikwa kwenye kila diski. Kisha `mdadm --stop /dev/md0`, halafu `mdadm --assemble --force /dev/md0` ukizitaja diski zake. `--force` ni ya pale Events zinapokaribiana; diski iliyoachwa nyuma sana usiilazimishe kuingia. Safu ikipanda, `fsck -n` (ukaguzi wa mfumo wa mafaili bila kurekebisha chochote) kwanza, kabla ya kumaunti kwa kuandika.

5. Bitmap ya ndani, ramani ya sehemu za safu zilizoandikwa karibuni, iwekeni mapema, maana haiwekwi ujenzi ukiendelea. Haiharakishi diski mpya kabisa. Inasaidia `--re-add`, yaani kurudisha diski ileile iliyotoka.

6. Ujenzi ukijikokota, pandisha `speed_limit_min`, kasi ya chini ya ujenzi. Kawaida yake ni 1000 tu, yaani KB kwa sekunde.

7. Diski ikitolewa tena na tena, tazama `UDMA_CRC_Error_Count`, hesabu ya makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine, kabla ya kununua nyingine. Ikipanda, shuku kebo ya SATA: hewa yetu ya chumvi hula miguso. Badilisha kebo, uangalie kama hesabu imesimama.